Kahawa Iliyotubu

Shemeji yangu hakuwahi kutazama saa alipokuwa anakaanga kahawa. Alisikiliza. Alisimama kando ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, mikono nyuma kama mtu anayesubiri kuhojiwa, akainamisha kichwa upande wa sikio la kulia, akangoja buni zianze kupasuka. Zilianza moja moja, kwa uvivu, kisha zikapasuka zote kwa pamoja kama kuni mbichi zilizokolea moto. Hapo aliinua kidole, na sote tuliokuwa karibu tukanyamaza, hata mteja aliyekuwa katikati ya maneno. Mpaka leo nikipita mahali panapokaangwa kahawa, kichwa changu huinama chenyewe upande wa kulia.

Nilihamia kwao nilipomaliza chuo, wakati natafuta kazi. Nilikuwa nimesomea takwimu, na shemeji hakuchoka kulicheka jambo hilo. Aliniita Msomi. Aliwaambia wateja kwamba shemeji yake amefuzu kuhesabu watu asiowajua, na ipo siku atawahesabu na wao, kwa hiyo waanze kukaa vizuri. Nilimjibu kwamba afadhali mimi ninayehesabu watu kuliko yeye anayenuka moshi mpaka soksi. Tuliishi hivyo, shemeji na shemeji, na dada yangu katikati akituamua kwa kutucheka wote wawili.

Mbele ya nyumba kulikuwa na duka lenye kaunta ya mbao na mizani ya shaba. Nyuma yake kilikuwa chumba cha kukaangia, na mlango wa chumba hicho ulitazamana na jiko. Kwa hiyo harufu haikuwa na mpaka. Ilikaa kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye vitabu vyangu. Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza, mmoja wa wale waliokuwa wananihoji aliniuliza kama nimetokea mgahawani. Kazi ile sikuipata. Shemeji alisema wamekosa bahati wao.

Mtaani kwetu watu wazima huitwa kwa jina la mtoto wao. Dada na shemeji walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto, na majirani, ambao hawakuwa watu wabaya, hawakujua wawaiteje. Fundi viatu wa mlango wa pili ndiye aliyewatoa kwenye shida hiyo. Siku moja alipita mbele ya duka akapaza sauti kumsalimu Baba Kahawa, na Mama Kahawa je, hajambo? Jina likashika kama gundi yake ya viatu. Niliwahi kumuuliza dada kama halimuumi. Alisema jina la kupewa kwa upendo halichomi, kinachochoma ni mawifi zake wanaokaa kimya kila mtoto wa mtu anapotajwa.

Na kwa kweli alikuwa mama wa kahawa ile. Kazi yake ilikuwa kuonja. Kila mkaango ulipotoka na kupoa, shemeji alichemsha kikombe kidogo kisicho na sukari, akamletea kwa mikono miwili. Dada alinusa, akavuta funda kwa sauti, akafumba macho. Kisha alitoa hukumu. "Ina haraka," alisema, maana yake imetolewa motoni mapema. Au alisema imechoka, maana yake imepitiliza. Mara chache sana alisema, "Hii iache hivi hivi," na siku hiyo shemeji aliimba. Hakubishana naye hata mara moja. Yeye alikuwa na sikio, dada alikuwa na ulimi, na kahawa yao ilihitaji vyote viwili. Ukijumlisha vikombe vya kuonja, na vya asubuhi, na vile walivyokunywa bila sababu wakiwa wamekaa kwenye magunia magoti yakigusana, vilikuwa vingi. Hakuna aliyevihesabu, hata mimi niliyesomea kuhesabu.

Mwaka niliohamia ndio mwaka waliokwenda kliniki ya uzazi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na dada alimpenda siku ya kwanza kwa sababu alieleza mambo bila kuyapamba. Mayai ya dada yatatolewa, yatarutubishwa maabara kwa mbegu za shemeji, kisha kiinitete kitarudishwa tumboni, na hapo kila mtu atasubiri. Aliwauliza wanavyoishi: sigara, pombe, usingizi, chakula. Alipofika kwenye kahawa, wote wawili walicheka, na daktari akangoja wamalize.

Akawaambia kwamba ndani ya kahawa kuna kitu kinaitwa kafeini. Wapo watafiti waliodhani kwamba kikizidi kinapunguza nafasi ya mimba kushika, na wapo ambao hawakuona tofauti yoyote. Yeye huwashauri wagonjwa wake wasivuke kikombe kimoja kwa siku. Anayeweza kuacha kabisa wakati wa matibabu, aache, hatapoteza kitu.

Habari zilifika kwa fundi viatu kabla ya jioni. Alikuja mpaka kaunta, uso umejaa huzuni ya kuigiza, akauliza ni daktari gani huyo anayemwambia mama amwache mwanawe. Watu walicheka. Dada naye alicheka, lakini aliondoka dukani mapema, nikamkuta jikoni amekaa mbele ya kikombe cha maji ya moto.

Alijitahidi. Kichwa kilimgonga kama mlango unaobishwa na askari. Alinifokea kwa sababu ya kijiko, akaniomba radhi, akanifokea tena. Lakini kilichokuwa kigumu zaidi ni saa ile ya kuonja. Mkaango ulitoka, ukapoa, na shemeji akabaki amesimama na kikombe mikononi bila wa kumpa. Alikunywa mwenyewe, akasema nadhani iko sawa, na neno lile, nadhani, sikuwahi kulisikia kinywani mwake kabla ya hapo.

Ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe lisingeweza kumjia mtu mwingine yeyote isipokuwa mkaangaji. Maisha yake yote alikuwa ameona moto ukiondoa vitu kwenye buni. Unaondoa maji, unaondoa harufu ya majani mabichi, unaondoa uchachu. Ukiendelea zaidi unaondoa hata uzito, kwamba gunia likiingia zito linatoka jepesi. Moto unaoondoa yote hayo, alijiuliza, utashindwaje na hii kafeini? Jumamosi moja asubuhi alifunga mlango akakaanga kiasi kidogo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona, mpaka moshi ukatutoa wote nje tukikohoa, na fundi viatu akaja na ndoo ya maji. Aliibuka na trei ya buni nyeusi tititi, zinang'aa kwa mafuta.

"Hii imetubu," alisema. "Dhambi zote zimetoka na moshi."

Dada alionja. Alisema ni chungu kama maneno ya wifi. Lakini alifumba macho, na mabega yake yakashuka, na shemeji akatazama pembeni asionekane anavyofurahi. Tangu siku hiyo nyumbani kulikuwa na kopo la bati lililoitwa Iliyotubu. Dada alikunywa kutoka kopo hilo tu. Alilala vizuri, akalala hata mchana, nasi tukachukua hilo kuwa uthibitisho. Hatukufikiri kwamba mwanamke anayechomwa sindano za kukuza mayai kila siku ana haki ya kuchoka.

Mara ya kwanza haikushika.

Sitaki kuieleza siku ile kwa urefu. Nakumbuka kwamba dada alifua mashuka yote ya nyumba, hata yaliyokuwa safi, na shemeji alianika yeye mwenyewe, akiyanyoosha pembe kwa pembe. Daktari alisema kimebaki kiinitete kimoja, kimegandishwa, na kwamba kwa hali ya mayai ya dada hakuona busara ya kutoa mengine. Wapumzike miezi michache, kisha wajaribu na hicho. Hakusema ni cha mwisho. Hakuhitaji kusema.

Walipokuwa tayari kurudi, waliniomba niwasindikize. Shemeji alisema kule wanazungumza kwa asilimia, na asilimia ni ndugu zangu mimi. Tulikaa watatu mbele ya meza ya daktari, dada katikati. Daktari alipitia mambo yale yale, na alipofika kwenye kahawa dada akajibu, kwa fahari ya mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani, kwamba hanywi kahawa ya kawaida tena, anakunywa iliyotubu.

Daktari akauliza ni nini hiyo. Shemeji akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mikono, pipa linavyozunguka, mafuta yanavyotoka, moshi unavyobadilika rangi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema taratibu kwamba moto hauiondoi kafeini, au huondoa kidogo sana. Katika kahawa ile, hata ingekaribia kuwa mkaa, kafeini karibu yote bado imo. Akamuuliza dada alikuwa anakunywa vikombe vingapi.

"Vitatu," dada alisema. "Vinne. Nilidhani haihesabiki."

Mikono ya shemeji ilikuwa bado hewani, katika umbo la pipa. Aliishusha.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Lakini ni mimi niliyempa."

Daktari alivua miwani. "Nisikilize, baba. Mara ya kwanza haishiki kwa wanawake wengi wasiojua hata ladha ya kahawa. Umri wa mayai una uzito zaidi kuliko kikombe. Inawezekana kahawa ilichangia, inawezekana haikuchangia chochote, na mimi sina njia ya kujua. Sitakupa mkosaji ambaye sina ushahidi wake."

Lakini shemeji alikuwa ameshampata mkosaji wake. Tulirudi nyumbani. Nilimwona akienda moja kwa moja chumba cha kukaangia, akafunga mtungi wa gesi, akalifunika pipa kwa shuka jeupe, kama maiti. Kesho yake aliwaambia wateja kwamba mashine imeharibika. Akaanza kuleta kahawa iliyokaangwa na watu wengine, akaiuza bila kuinusa. Na aliacha kumwita dada Mama Kahawa. Alimwita mke wangu, kwa heshima nyingi, kama mgeni.

Harufu ni kitu kinachoondoka kwa hila. Wiki ya kwanza mapazia bado yalikuwa nayo. Kisha yakabaki mapazia tu. Asubuhi moja nilifungua kitabu changu, kikanuka karatasi, nikasimama nacho mkononi nikiwa na hamu ya kulia, kana kwamba kuna mtu amehama.

Dada alivumilia kwa muda. Nadhani mwanzoni alikuwa na hasira naye kidogo, na aliona haya kuwa nayo. Lakini kadiri siku ya kupandikizwa ilivyokaribia, hasira yake iligeuka ikaelekea kwingine. Jioni moja, tulipokuwa tunafunga duka, aliingia chumba cha nyuma, akalivuta lile shuka, akaketi kwenye gunia.

"Njoo uwashe," alimwambia.

Shemeji alisema hawezi.

"Mimi ndiye niliyeambiwa nisinywe. Wewe nani amekuambia usikaange?"

Alijibu kitu kuhusu mikono yake, kwamba haiamini tena. Alikuwa anaongea na sakafu.

"Umejishtaki mwenyewe, umejihukumu mwenyewe, umejifunga mwenyewe," dada alisema. "Sasa mimi kazi yangu ni ipi? Kukuletea chakula gerezani? Nimekwenda kwenye sindano nikiwa na mume, sitaki kurudi kwenye sindano nikiwa na mfungwa."

Shemeji akasema, na je harufu? Dada akamwambia kwamba ameshamuuliza daktari, na daktari amesema harufu haina neno, anuse mpaka achoke. Kisha akasogea kidogo kwenye gunia, kama mtu anayempisha mwenzake. Shemeji alifungua mtungi wa gesi. Ilimchukua vijiti kadhaa vya kiberiti.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoitamani zaidi. Sasa nina kazi, nakaa mbali, nina chumba chenye mapazia yasiyonukia kitu chochote, na ninapouliza moyo wangu ungependa kurudi wapi, haunipeleki utotoni wala chuoni. Unanipeleka kwenye chumba kile chenye ukuta mweusi kwa masizi, dada amekaa kwenye gunia na kitambaa kichwani, macho amefumba, anajifunza kuonja bila ulimi. Alinusa moshi unapoanza kubadilika. Alitia mkono kwenye buni zilizopoa, akazileta puani, akazirudisha. Na kwa kuwa ulimi wake ulikuwa likizo, aliazima wangu.

Ulikuwa ulimi mbovu. Nilivuta funda kama yeye, nikafumba macho kama yeye, nikasema ni kahawa. Dada aliniuliza inakwaruza wapi, mbele au nyuma? Ikishuka inaacha nini? Nikasema inaacha kiu. Shemeji aliegemea mlango akacheka mpaka akakaa chini, akauliza hivi chuoni walinifundisha nini miaka yote ile. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ya kliniki, na dada alinitazama kwa jicho la pembeni, nikajua alikuwa ananiuliza maswali yale makusudi.

Kahawa yenyewe ilikuwa mbaya, lazima niseme ukweli. Fundi viatu alisema inaonekana imekaangwa na mtu anayeota. Lakini hakuacha kununua, wala wengine hawakuacha. Polepole ikawa ya wastani, kisha ikawa nzuri, ingawa si kama zamani. Dada hakuonja hata tone. Chai pia aliiacha, na soda. Alisema safari hii hataki kuacha mlango wowote wazi.

Kiinitete kile kimoja kikapandikizwa. Tukaingia katika kusubiri, na mle ndani kila mtu alitembea kwa kunyata, kama kuna mtoto tayari amelala. Shemeji alibeba ndoo, alibeba mifuko, angeweza angembeba na dada mwenyewe. Alianza tena kumwita Mama Kahawa, mara moja moja, akimtazama usoni kuona kama ameruhusiwa.

Simu ya daktari ilikuja mchana, duka likiwa tupu. Dada aliipokea jikoni. Kutoka kaunta nilimsikia akisema ndiyo, kisha asante daktari, kisha asante tena kwa sauti ndogo zaidi. Nilimfuata mpaka mlango wa chumba cha kukaangia. Pipa lilikuwa linazunguka, na buni ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kupasuka, moja moja, kwa uvivu. Shemeji aliinua kichwa akamwona mke wake amesimama mlangoni. Mkono wake ulivuta mpini, na buni zote zikamwagika kwenye trei.

"Haikushika," dada alisema.

Shemeji alizima moto. Wakakaa kwenye magunia, magoti yakigusana, na buni zikaendelea kupasuka zenyewe kwenye trei. Nilitaka kuondoka, lakini dada alininyooshea mkono bila kutazama, nikakaa naye upande wa pili. Hakulia sana. Alilia kama mtu aliyekuwa amejiandaa. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitambaa, akasema anataka kahawa.

Shemeji alimtazama kana kwamba hakusikia.

"Hiyo hapo, uliyoitoa sasa hivi. Nichemshie."

Alisaga, akachemsha, maji yakamwagika juu ya jiko. Alimletea kikombe kidogo kisicho na sukari, kwa mikono miwili. Dada alikipokea lakini hakunywa mara moja.

"Ile ya kwanza nilikunywa, haikushika," alisema. "Hii sikugusa hata tone, haikushika vilevile. Umeelewa, Baba Kahawa? Haikuwa wewe."

 Shemeji alinigeukia mimi. Katika miaka yote ya kunitania, sikuwahi kumwona akinitazama namna ile, kama mtu anayesubiri matokeo yake mwenyewe.

"Eti, Msomi?" aliuliza. "Ni kweli?"

Nilijua ambacho mwalimu wangu yeyote angesema. Mara mbili si hesabu. Ukirusha sarafu mara mbili hujajifunza lolote kuhusu sarafu. Kikombe kisichonywewa safari hii hakiwezi kutoa ushahidi juu ya kile kilichonywewa safari ile. Lakini hilo ndilo hilo hilo alilolisema daktari siku ile tulipokaa mbele ya meza yake, na likigeuzwa upande wa pili lilikuwa bado ni kweli. Nikalishika kwa upande huo.

"Shemeji," nilimwambia, "hakuna hesabu duniani inayoweza kukutia hatiani."

Aliinamisha kichwa, upande wa kulia kama kawaida yake, akakaa hivyo akiyasikiliza maneno yale mpaka yakatulia. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole.

Dada alinusa kikombe. Akavuta funda kwa sauti, ile sauti ambayo nyumba nzima ilikuwa imeisahau. Akafumba macho. Machozi yalimshuka tena, akayaacha, akameza, akatafakari kwa ukamilifu wa mtu aliye kazini. Sisi wawili tulingoja.

"Ina haraka," alisema hatimaye. "Uliniona mlangoni ukaitoa mapema."

Na shemeji yangu, ambaye uso wake ulikuwa umelowa kama wake, alisema ni kweli, Mama Kahawa, akainuka kuwasha moto.